Doa Lisilohama

Mpiga picha wa kiwanda cha sola alifanya kazi gizani. Alipitisha umeme kwenye seli, ikatoa mwanga unaoonwa na kamera tu. Penye weusi kwenye picha ndipo umeme unapopotea.

Asubuhi hiyo kila seli ilikuwa na doa kona ileile. Alimsemea kwa bosi mchomeleaji wa waya za seli, ambaye ni wifi yake; bosi akataka kumfukuza.

"Umenikaanga, wifi!"

"Ngoja kwanza."

Mpiga picha akaigeuza seli. Doa la seli lingehama nayo, hili halikuhama. Akakifuta kibanio kinachopeleka umeme pale, doa likatoweka.

"Kumbe ni uchafu wangu."

"Basi kamwambie bosi, kwa mdomo uleule ulionisemea."

Akavua glavu, akaenda.