Gari Lililozima Kabla ya Pap Onditi

Jumapili iliyopita nilipotoka kanisani nilipita uwanja mmoja hapa Kisumu, nikakuta magari yamepangwa juu ya nyasi kama vyombo vya harusi. Mengine mapya, mekundu, ya chini chini, yale ya kukimbia. Vijana wanapiga picha wakijifanya ni yao. Upande wa pili yalikaa ya zamani, yamesuguliwa mpaka yanauma macho. Mimi sijui kusifu gari vizuri, shule yangu iliishia njiani, lakini niliyasifu kwa moyo. Halafu nikaona moja jeupe, refu nyuma, viti vyekundu, na kwenye mlango wa nyuma mkwaruzo ambao rangi mpya haikuuficha vizuri. Huenda si lenyewe. Lakini nililisogelea.

Nikuambie basi. Tulikuwa tukikaa Dunga, kando ya ziwa, na gari kama hilo lilikuwa la jirani yetu, mwalimu. Kila Jumamosi aliliingiza ziwani mpaka maji yafike nusu ya magurudumu, akaliosha kwa sabuni ya kipande, huku akina mama wakigeuza omena, wale dagaa wa ziwani, juu ya nyavu. Jumapili aliliegesha nje juani, makusudi, watu wakitoka kanisani walione. Hata aliyekosana naye alisimama. Mimi nilisimama mpaka nyanya aniite mara tatu, ugali unapoa. Nilitamani kitu kimoja tu: kujiona uso katika ile taa kubwa ya mbele. Lakini watoto hatukuruhusiwa kusogea.

Babu alipokufa, mwalimu alijitolea gari limpeleke nyumbani, upande wa Pap Onditi, maana mtu wetu hazikwi ugenini. Jeneza likaukwaruza mlango wakati wa kuingizwa. Mwalimu alifungua boneti, akanipa jagi.

"Nyathina, mwanangu, jaza rejeta mpaka uone maji juu. Injini ikikosa maji itachemka."

Nilichofanya nakiandika bila kuongeza wala kupunguza. Nilimimina nusu. Nusu iliyobaki nilioshea ile taa, nikaifuta kwa rinda langu, nikajiona. Macho yalikuwa yamevimba kwa kulia, lakini nilijiona mzuri.

Tulipopita Ahero gari lilianza kuhema. Kabla ya Pap Onditi likazima kabisa.

"Ulijaza?" mwalimu akaniuliza.

"Nilijaza."

Nyanya akashuka, akazunguka nyuma, akaweka mkono juu ya jeneza. "Mzee amekataa," akasema. "Kuna mtu hapa hataki kwenda naye."

Kwetu gari lililobeba maiti likizima, spana haitafutwi kwanza; linatafutwa kosa. Macho yote yakamwendea baba mdogo, mvuvi wa Usenge, ambaye hakufika hospitali hata siku moja babu akiwa kitandani.

"Nilikuwa majini, Mama. Habari ilinifikia akiwa ameshaenda."

"Mwambie yeye, usiniambie mimi."

"Na usimdanganye," shangazi akadakia, "huyo sasa anasikia mpaka tumbo lako likinguruma."

Mtu mmoja akacheka. Nyanya akamkata jicho.

Baba mdogo alipiga magoti kwenye lami yenye moto, akaomba msamaha kwa kosa ambalo sina hakika alikuwa nalo. Mtu mzima, analia kama mtoto. Wakati huo mwalimu alikuwa ameomba maji boma la karibu, akamimina, akangoja, akawasha. Gari likaitika. "Mmeona?" watu wakasema. Mwalimu alinitazama mara moja tu. Nadhani alijua ni maji kiasi gani yaliingia. Hakusema, na siwezi kumlaumu. Mimi mwenyewe sikusema.

Baba mdogo alirudi Usenge, na jina likamfuata: yule aliyekataliwa na baba yake. Hakuja tena nyumbani mpaka siku tuliyomleta kumzika. Gari lililomleta halikuzima hata mara moja.

Kusema haki, tulikuwa watu wanane na jeneza, na jua lile. Pengine lingechemka hata kama rejeta imejaa. Hayo nimejiambia miaka yote. Hayajanisaidia.

Pale uwanjani Jumapili, mwenye gari, kijana wa kofia, aliona nimesimama muda mrefu.

"Mama, hii gari unaijua?"

"Ilimbeba babu yangu."

"Ilikuwa inawasumbua njiani?"

"Ilizima mara moja. Ilinyimwa maji."

Akacheka, akaipapasa boneti. "Basi hapo kosa si ya gari."

"Si ya gari," nikasema. "Wala si ya baba yangu mdogo. Ni yangu."

Akaitikia tu kwa kichwa, kama mtu anavyowaitikia wazee, akageukia wengine waliotaka picha.

Nyanya hayupo, shangazi hayupo, mwalimu hayupo. Nyumba ya babu ilianguka, hata mahali ilipokuwa panalimwa mtama. Neno lile nililibeba tangu utotoni, na siku lilipotoka, aliyelisikia ni mtu ambaye halikumhusu.