Nilimfundisha mtoto kuomba kabla ya kuvuka barabara. Nilichokiona kwenye lami bado kinanitetemesha

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo, hata wewe unayesoma ukiwa kazini na boss yuko nyuma yako.

Hii ilinipata mimi mwenyewe. Ni ya kweli, sijaongeza chumvi. Kama ningekuwa natafuta hadithi ya kuwafurahisha ningechagua moja ambayo mimi sionekani mjinga.

Mimi naishi Kiamunyi, hapa Nakuru. Kazi yangu ya kila siku ni kufuma sweta za shule kwa mashine. Jumapili nafundisha Sunday school, darasa la wadogo kabisa, wa miaka minne mpaka sita. Hao nusu ya kipindi unawafundisha, nusu unawafunga kamba za viatu.

Nawapenda kuliko sweta, na mume wangu anajua hivyo.

Sasa, mimi si mtu wa kukaririsha watoto mistari na kuwaachia hapo. Mtoto wa miaka mitano anaweza kukutajia mstari mzima bila kumeza mate, halafu amng'ate mwenzake mkono kabla hujageuka. Nimeona. Brayan, kama siku moja utakua na usome huu uzi, ni wewe.

Kwa hivyo lesson zangu ni za vitu vya nyumbani.

Ya kugawana nilikuja na ndizi. Mmoja anakata, mwenzake ndiye anachagua kipande kwanza. Mngewaona walivyokata, ulimi nje, kisu cha plastiki kinapima mara tatu tatu.

Ya kusema ukweli, homework ilikuwa ukiharibu kitu, sema kabla hujaulizwa. Mama mmoja alinisimamisha njiani akaniambia mtoto wake amekiri kwamba ndiye aliyemnyoa paka. Walikuwa wanafikiri paka ni mgonjwa.

Ya shukrani, kila mtoto atafute mtu ambaye huwa hashukuriwi. Askari wa geti la shule yao alishukuriwa mpaka akauliza kama anafutwa kazi.

Wazazi wakafurahi. Mimi nami kichwa kikavimba, siwezi kudanganya.

Ndipo nikafika kwenye lesson ya maombi.

Niliwaambia Mungu si wa Jumapili tu. Unaongea naye kabla ya kula. Unaongea naye kabla ya kulala. Unaongea naye ukivuka barabara, umwambie asante kwa kunilinda. Nikatunga kawimbo kadogo na vitendo vya mikono. Walikashika siku hiyo hiyo.

Niseme kitu kingine hapa ndio muelewe yaliyofuata. Darasani kwangu kuna sheria za maombi, zile zile nilizolelewa nazo, na wengi wenu pia. Ukiomba, macho yamefungwa. Ukiomba, hutembei. Ukiomba, hujibu mtu mpaka Amina. Hata sisi wakubwa, pastor akianza kuomba ukiwa mlangoni unaganda pale pale na handbag yako mpaka amalize.

Sikuona ubaya wowote. Hata nikiwauliza leo wale walionilea, hawangeona.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa na practice ya wimbo wa watoto. Tukamaliza mapema. Kanisa letu liko kando ya lami, na ng'ambo ya pili kuna duka la maziwa la Mama Chebet. Chebet ni mtoto wangu wa darasa, ana miaka mitano, mtulivu, wa kusikia. Huyo ukimwambia kaa, atakaa mpaka umsahau.

Kawaida mtu mkubwa huwavusha. Siku hiyo nilikuwa getini nafunga sweta ya mtoto mwingine, nikainua kichwa nikaona Chebet ameshatangulia. Alikuwa amemwona mamake mlangoni mwa duka.

Alifika ukingoni akasimama. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akaangalia kulia tena, vile wanafundishwa shuleni. Barabara ilikuwa wazi kabisa. Nikasema moyoni, huyu mtoto ana akili. Akaanza kuvuka.

Katikati ya barabara akasimama.

Akaweka mikono pamoja chini ya kidevu. Akafunga macho.

Wakuu, sikuelewa. Niliona kila kitu na akili ikakataa kabisa kuniambia ni nini naona. Nilifikiri labda kitu kimemwingia kwenye jicho.

Lori likatokea kwenye kona, limejaa magunia ya viazi.

Dereva akapiga honi, ile ndefu isiyokatika. Mtoto hakusogea. Mamake akapiga kelele, "Chebet! Chebet, toka!" Mtoto hakusogea. Niliona midomo yake ikienda polepole, bila haraka yoyote, na ndipo nilipojua ni maneno gani anasema. Ni yangu.

Nilikimbia. Nasema nilikimbia lakini sijui kama nilienda popote, maana nakumbuka tu geti likiwa bado karibu na mimi.

Dereva alishika breki mpaka lori likateleza upande upande. Magunia mawili yakaanguka, viazi vikasambaa hadi kwenye mtaro. Lori likasimama karibu naye kiasi kwamba angenyoosha mkono angeligusa.

Na bado alikuwa hajamaliza.

Akasema "Amina" kwa sauti, vile ninavyowataka waseme. Akafungua macho, akaona lori limejaa mbele ya uso wake. Hapo ndipo akaanza kulia.

Dereva alishuka, mzee kidogo, na kofia ya sufu ya watu wa kule kwenye baridi.

"Huyu mtoto ni kiziwi?"

Nikamwambia hapana.

"Sasa mbona hasikii honi?"

Chebet akamjibu mwenyewe, kamasi na machozi pamoja. "Nilisikia. Lakini nilikuwa sijasema Amina."

Yule mzee akachuchumaa mbele yake. Kisha akauliza pole pole, "Nani alikufunza hivyo, mtoto wangu?"

Chebet akaninyooshea kidole. "Ni Teacher."

Alisema kwa kujivunia, wakuu. Katikati ya kilio chote kile, alinitaja kwa kujivunia.

Nilingoja nitukanwe. Ningependa angenitukana, ingekuwa rahisi. Badala yake dereva alikaa pale chini kwenye ukingo wa lami, akavua kofia, akasema, "Madam, hata mimi ni mtu wa kanisa. Leo nimeomba kutoka Molo, vile kulikuwa na ukungu. Lakini sijafunga macho."

Watu walimsaidia kuokota viazi vyake, akaenda.

Mama Chebet alikuja, akampapasa mtoto mikono, miguu, kichwa, kama mtu anayetafuta kitu kilichopotea. Akambeba. Hakuniangalia. Akafunga duka mchana kweupe na kuondoka.

Sikufuma kitu siku hiyo. Nilimpigia mzee wa kanisa anayesimamia Sunday school nikamwambia natoka, atafute mwalimu mwingine. Akaniambia, "Teacher, hebu kuja kesho kwanza. Hao watoto wamezoea wewe." Mimi nilichokuwa nawaza ni kimoja tu, kwamba yule mama atahama na mtoto wake, na atakuwa na haki. Nani angerudisha mtoto kwa mtu kama mimi?

Jumapili nikaenda mapema. Nikachukua jivu jikoni kwa kanisa, nikachora barabara pale uwanjani, mistari miwili mirefu.

Watoto walipofika nikawauliza, tukitaka kuvuka barabara tunafanya nini?

Wakajibu kwa pamoja, kwa nguvu: "Tunaangalia kulia! Kushoto! Kulia tena! Na tunaomba!"

Jibu sahihi. Wazazi waliokuwa wanapita wakatabasamu. Mimi mwenyewe wiki iliyopita ningepiga makofi.

Nikawaambia, haya, sasa nionyesheni.

Wa kwanza akaja, akaangalia kulia na kushoto, akaingia katikati, akasimama, akafunga macho. Wa pili akafunga macho tangu ukingoni, akavuka hivyo hivyo akipapasa hewa. Wa tatu katikati. Brayan alipiga magoti. Kwenye barabara, wakuu, alipiga magoti!

Wote. Hakuna hata mmoja aliyeacha macho wazi.

Nilikuwa nimejiambia ni Chebet tu, ni kwa sababu ni mtulivu sana, ni bahati mbaya. Kumbe nimewatuma darasa zima barabarani wakiwa vipofu, wiki nzima, na wazazi wao wakinishukuru.

Nilipogeuka nikamkuta Mama Chebet amesimama nyuma yangu, amemshika mtoto mkono. Sijui alifika saa ngapi. Alikuwa ameona.

"Teacher," akasema, "mimi nilikuja kukutukana. Nimepanga maneno tangu jana."

Nikamwambia anitukane tu.

Akatikisa kichwa. Akakaa kwenye kiti cha plastiki, akafunika mdomo na leso, na akaanza kulia.

"Mimi humfinya," akasema. "Tukiombea chakula, akifungua macho, namfinya. Jana usiku nikamuuliza, Chebet, si ulisikia nikikuita? Akaniambia, mama nilikusikia, lakini ningefungua macho ungenifinya."

Nilikaa chini kwenye majani kando ya kiti chake, na gauni langu la Jumapili, na mimi nikalia. Watoto wakatuzunguka wakitutazama. Brayan akauliza kama tunaomba.

Hebu fikirieni hilo jambo. Lori linakuja, mama anaita, honi inalia, na mtoto wa miaka mitano anapima. Anaona afadhali abaki na macho yamefungwa. Huyo hakuwa mtoto mkaidi. Huyo alikuwa anatii kila mtu mkubwa aliye kwenye maisha yake.

Tulipojipangusa, nikaanza upya. Nikawaambia leo tunajifunza kuomba macho wazi, tukitembea. Wakacheka, walifikiri nawatania. Mmoja akauliza, "Sasa Mungu atajuaje tunaomba?" Nikamwambia anajua sauti yako, hata ukiwa unakimbia. Akakubali. Watoto hukubali haraka, na sasa hilo ndilo linaloniogopesha.

Zamu ya Chebet ikafika. Aliingia kwenye ile barabara ya jivu, akaanza kusema maneno yake, na macho yakajifunga yenyewe. Tukarudia. Yakajifunga tena. Alikuwa anajaribu mpaka kope zinatetemeka.

Mamake akainuka. Akamshika mkono wakaingia pamoja. Nilimsikia akimwambia chini chini, "Fungua, mama. Fungua macho. Sitakufinya tena." Wakarudi, wakavuka tena, wakarudi. Ibada ya wakubwa ilikuwa imeanza na hakuna aliyeenda.

Yule mzee wa kanisa alitoka akatukuta hivyo. Hakufurahi. "Teacher, macho wazi kwa maombi? Kesho hawa watakuwa wanacheza ndani ya kanisa." Nikamwambia wacheze. Najua nimeongea vibaya na mtu mzima, na nitamwomba msamaha kwa vile nilivyomjibu, lakini kwa nilichosema sitaomba.

Na wale wa hapa jukwaani ambao tayari wameanza kuandika "watoto wa siku hizi hawana nidhamu," tulieni kidogo. Sijasema watoto wasifunge macho. Mezani wafunge, kitandani wafunge. Mimi mwenyewe nafunga. Ninachosema ni kwamba tuliwafunza kufunga ili watulie, ili wasichokoane, na hatukuwaambia hivyo. Tuliwaambia ndio kuomba kwenyewe. Wao wakaamini, kwa sababu ni sisi tuliosema.

Somo langu nimelipata, na nimelipata kwa bei ambayo karibu ilipwe na mtoto wa mwenzangu. Yale ninayofundisha watoto sijui wameyaelewa vipi mpaka niwaone wakiyafanya. Majibu yao yote yalikuwa sahihi. Chebet angeulizwa ile Jumamosi asubuhi angepata alama zote.

Kwa hivyo wakuu, mwenye mtoto mdogo, leo jioni usimuulize anavukaje barabara. Atakujibu vizuri na utalala ukiwa na raha. Mtoe nje, mchoree barabara hapo uani, umwambie akuonyeshe. Vivyo hivyo na zile zingine tunazowaimbia kila siku, tii wakubwa, samehe, usikatae kitu cha mgeni. Mwambie akuonyeshe hizo pia, na ujikaze.

Kisha rudi hapa uandike ulichoona, hata kama ni cha aibu. Nasoma comment zote. Wa kunitukana pia mnakaribishwa, nafasi ya Mama Chebet bado iko wazi.