Nusu ya Mlango

Wifi yangu hana bango. Uliza mtaani ni nani anayeondoa mikwaruzo ya magari, utaambiwa, "Nenda kwa Kucha," na mtu atakunyooshea kidole kwenye nyumba ya kupanga yenye geti la bati. Ndani kuna ua wa saruji uliozungukwa na vyumba pande tatu. Kamba za nguo zimepita juu, ndoo zimepangwa ukutani, na pale ambapo mpangaji mwingine angeweka kiti cha kupumzikia kuna gari la mtu, limeoshwa, linasubiri.

Jina hilo alipewa na wateja. Kabla hajagusa kitambaa, hupitisha ukucha wa kidole gumba juu ya mkwaruzo, taratibu, huku anatazama pembeni kama anayesikiliza maneno ya chumba cha pili. Ukucha ukiteleza, mkwaruzo umeishia kwenye ile vanishi isiyo na rangi inayokaa juu, na hiyo ni kazi yake. Ukikwama, umeshaingia kwenye rangi yenyewe, naye atakwambia uende kwa fundi rangi, hata kama umekuja na hela mkononi. Mimi nauza magari yaliyotumika, najua uzito wa jibu hilo. Mtu anayeweza kukukatalia, siku akikukubalia unalala usingizi.

Kazi hakujifunzia kwenye magari. Alikuwa kwenye karakana ya samani, anapiga vanishi meza na vichwa vya vitanda, anasugua kwa msasa wa maji mpaka unajiona usoni. Karakana ikafungwa, akarudi nyumbani. Wakati huo nilikuwa na gari lililochanwa na vichaka ubavu mzima, na mnunuzi alikuwa ameng'ang'ania mikwaruzo hiyo hiyo kunishushia bei. Nikamuuliza kaka yangu kama mkewe anaweza kujaribu. Kaka ni dereva wa lori la masafa; nyumbani anafika kama mgeni.

"Muulize mwenyewe," akasema. "Mimi pale naenda kulala tu."

Nikamuuliza mwenyewe.

"Wifi," akanijibu, "vanishi ni vanishi. Tofauti ni kwamba meza haina matairi."

Mnunuzi alipolizunguka tena lile gari, hakupata pa kushika. Toka siku hiyo wifi yangu hajatafuta ajira.

Adui wa kazi yake ni jua. Bati la gari likipata moto, dawa ya kusugulia inakauka kabla haijafanya lolote, inaacha ukungu mweupe, na ukilazimisha unaongeza mikwaruzo mipya juu ya ya zamani. Kwa hiyo anaanza asubuhi, ukuta ukiwa bado unatoa kivuli, na kivuli kikihama naye anasukuma gari likifuate. Wapangaji wameshazoea kuitwa wasukume. Aliyezidi kulalamika ni mke wa mwenye nyumba, kwa sababu maji ya kuoshea yalikuwa yanatiririka hadi mlangoni kwake.

Ndipo mwenye nyumba akaja na amri yake. Alisimama katikati ya ua, mikono nyuma, akasema kazi ya magari mwisho wake mwezi huu. Akitaka kukaa akae, lakini magari yatoke.

"Hapa ni nyumba," alisema, "si gereji."

Kucha hakubishana. Alinipigia simu nikaenda, na kwa mara ya kwanza nikamwona amekaa. Akihamia barabarani, ni vumbi na jua. Akipanga fremu ya biashara, kodi inakula kazi yote. Kazi yake ilikuwa uani pale au isiwepo kabisa.

"Tumuongezee kodi kidogo?" nikasema.

"Ukimuongezea leo, mwezi ujao atasema magari yanamkosesha usingizi. Ngoja."

"Nangoja nini?"

"Sijui. Lakini mtu mwenye gari hamalizi mwezi bila kunihitaji."

Nilidhani anajifariji. Kumbe alikuwa anasoma biashara kuliko mimi.

Mwenye nyumba ana gari jeusi analolipenda kupita kiasi. Hulifunika kwa turubai hata siku ambazo hakuna mvua wala jua. Wiki ya mwisho ya mwezi ule alitakiwa kwenda na mkewe kwa wazazi wa kijana aliyetaka kumuoa binti yao. Alhamisi asubuhi, safari ikiwa Jumamosi, akalisogeza gari lile taratibu mpaka uani, upande mmoja ukiwa umegeuziwa ukuta. Mimi nilikuwepo, nimekuja kuchukua gari langu.

"Mama," akamwambia Kucha kwa sauti ya chini, "hebu niangalizie. Limepata vumbi vumbi hapa."

Tukazunguka. Mlango wa nyuma ulikuwa na mstari mmoja mrefu, wa kawaida tu, wa kugusa nguzo ya geti. Lakini kuuzunguka mstari ule kulikuwa na doa kubwa lililofifia, limejaa viduara vidogo vidogo, mlango mzima umepoteza mng'ao kama kioo kilichopumuliwa.

Kucha akachuchumaa.

"Vumbi?"

"Vumbi."

"Vumbi hili lina mkono, baba. Limezungushwa."

Mwenye nyumba akakohoa. Akasema labda waosha magari wa huko mjini. Kucha akachota maji kwa kopo, akayamwaga juu ya lile doa. Hapo hapo weusi ukarudi, viduara vikapotea, mlango ukawa kama mpya. Mwenye nyumba akatabasamu hadi magego. Maji yalipokauka, doa likarudi pale pale, na tabasamu likaondoka.

"Yanayopotea kwenye maji yanaondoka," Kucha akamwambia. "Ni ya juu." Kisha akapitisha ukucha kwenye ule mstari mrefu. Uliteleza, uliteleza, halafu karibu na kitasa ukakwama. "Hapa padogo sikuahidi. Nitapapunguza makali, ukisimama hupaoni. Ukiinama unapaona."

"Wakwe hawatainama," nikadakia.

"Wewe nyamaza," akasema mwenye nyumba.

Nikamvuta wifi pembeni. Nikamwambia sasa ndiyo nafasi: asiguse mlango ule mpaka mzee atamke kwamba ua ni wake. Hivyo ndivyo ningefanya mimi, na nimefanya mara nyingi na watu wakubwa kuliko yule. Akatikisa kichwa.

"Ukimbana sasa hivi ataahidi kwa hasira, na ahadi ya hasira haivuki Jumapili. Acha kwanza aone anachokitaka."

Akarudi kwenye gari. Akaliosha kwa sabuni, akalikausha, akapiga tepu ya karatasi kutoka juu hadi chini, katikati kabisa ya lile doa. Ndivyo afanyavyo kwa kila mteja: nusu kwanza, ili mtu alinganishe kwa macho yake. Akatia dawa kwenye sponji, akaanza. Hakukandamiza. Mwenye nyumba alisimama nyuma yake akihema kila sponji lilipozunguka.

"Zungusha kwa nguvu, mama, itoke!"

"Nguvu ndiyo iliyoileta hapa, baba."

Alifuta, akatia tena, akafuta, akamalizia kwa dawa laini na kitambaa cha fulana ya zamani. Kisha akaivuta tepu.

Mimi nimeuza magari miaka, sishangazwi na mng'ao. Lakini upande wa kulia wa mlango ule ungeweza kujitazamia ukichana nywele. Upande wa kushoto ulikuwa bado sufuria. Na mpaka kati ya pande hizo ulinyooka kama umepigwa rula. Doa ambalo kabla mtu angeweza kulipita bila kuliona, sasa mtoto wa chekechea angelinyooshea kidole akiwa ng'ambo ya barabara.

Kucha akanawa mikono, akakaa kwenye kigoda.

"Mbona umeacha?" akauliza mwenye nyumba.

"Sijaacha. Nimefika nusu."

"Sasa hiyo nusu nyingine?"

"Hiyo nayo nitaifanya nikijua Jumatatu nitakuwa wapi."

Mzee akanitazama, kana kwamba mimi ndiye niliyemfundisha. Ningependa kusema ndiyo.

"Nitakulipa," akasema.

"Utanilipa, ndiyo, kama wengine. Naongelea ua. Nataka magari matatu kwa wakati mmoja, na paa la bati ukutani pale nipate kivuli."

"Matatu! Mama, unataka nilale wapi, kwenye buti?"

"Mawili, basi."

"Moja! Tena maji yasifike kwa mke wangu."

"Moja, na bati. Maji nitayachimbia mfereji mwenyewe hadi kwenye karo la maji machafu."

Nilitazama chini nisicheke. Ana mikono miwili na sponji moja; hajawahi hata siku moja kushika magari mawili kwa wakati mmoja. Yale mawili ya ziada alikuja nayo ili apate cha kutupa. Mwenye nyumba, akiwa ameshinda magari mawili, akasema haya, sawa.

"Bado," akasema Kucha. "Mwite mama."

"Mama wa nini?"

"Yeye ndiye mwenye shida na maji. Mkikubaliana mimi na wewe, kesho atakuja na yake. Mwite aseme mwenyewe."

Mzee hakutaka. Alilitazama gari, akatazama geti, akalitazama gari tena. Nusu ile iliyong'aa ilikuwa inamsema. Mwishowe akaita.

Mke wake alikuja anajifuta mikono kwenye kanga, akasimama mbele ya mlango, akaangalia kushoto, akaangalia kulia. Akainamia viduara. Kisha akajinyoosha polepole.

"Kumbe ni wewe uliyechukua waya wangu wa kusugulia masufuria!"

"Mke wangu, punguza sauti."

"Siku mbili natafuta! Namsingizia mpangaji wa watu wa chumba cha mwisho! Waya wa masufuria, juu ya gari?"

"Nilitia na sabuni," akasema mzee.

Hapo hata Kucha alishindwa. Tulicheka mpaka madirisha yakafunguliwa. Mama mwenye nyumba alipopata pumzi akauliza anachotakiwa kusema, akaelezwa: gari moja, bati, mfereji.

"Abaki," akasema. "Mfereji uanze leo. Na wewe," akamgeukia mumewe, "ukimtoa huyu, gari lako utalipeleka wapi siku nyingine ukiingiwa na usafi?"

Kucha akapiga tepu upya, akamaliza nusu iliyobaki. Karibu na kitasa palibaki alama nyembamba kama uzi, kama alivyosema. Jumamosi waliondoka, mzee akiendesha kwa mwendo wa msafara wa maiti, mkono mmoja nje ya dirisha akihakikisha kichaka hakimsogelei. Kwa wakwe hakuna aliyeinama.

Jumatatu mzee alipanda ngazi kupigilia bati mwenyewe, hataki kulipa fundi. Kucha alisimama chini, mikono kiunoni, gari la mteja likiwa tayari limeoshwa.

"Baba, saa nne jua litapita hapo pembeni."

"Hapo padogo tu."

"Vuta bati upande wako."

Akang'oa msumari, akalivuta.

"Bado kidogo," akasema Kucha.