Lokesheni ya Kaburi la Mama

Miaka mitatu nimelilia kaburi la mtu nisiyemjua.

Chekeni tu, lakini someni mpaka mwisho.

Mama alipofariki hapa Mwanza, mimi nilikuwa kibaruani Mtwara. Nikanyimwa ruhusa, nikakosa mazishi. Nikamwambia mdogo wangu Ngosha, "Basi nitumie lokesheni ya kaburi." Akatuma. Kidoti chekundu kwenye ramani, juu huko kwenye mawe ya Ilemela.

Kila likizo nikawa nakuja peke yangu. Ngosha alishahamia Geita, na nimsumbue wa nini wakati simu ninayo? Natembea mpaka iseme nimefika. Napalilia, napiga magoti, naomba msamaha. Kaburi halikuwa na msalaba, nikajua umeliwa na mchwa.

Wiki iliyopita nikaenda na fundi na saruji, tulijengee.

Tukamkuta mama mmoja wa makamo ameketi pale pale.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mmemfuata nani hapa?"

"Mama yangu."

Akanitazama sana. "Hapa amelala binti yangu, Queen. Nimemzika mwenyewe."

Nikampigia Ngosha pale pale.

"Kaka, kule kaburini hapakuwa na mtandao kabisa," akasema. "Nilipanda mpaka juu kwenye mawe ndo nikatuma."

"Sasa mama yuko wapi?"

"Huko chini. Ila miaka mitatu, kaka... sina uhakika tena."

Simu haikudanganya. Ilionyesha aliposimama Ngosha, siyo alipolala mama.

Nikateremka. Makaburi ya udongo tupu, mengine mvua imeshayasawazisha, hakuna hata jina moja. Nililia mpaka fundi akaona aibu kunitazama.

Niliporudi juu, yule mama akaniuliza taratibu, "Kumbe wewe ndiye uliyekuwa unapalilia?"

"Ndiyo mama. Nisamehe."

Akajifunika uso kwa khanga. "Nilijua ni baba yake. Alitukimbia Queen akiwa na miaka miwili. Nikasema amerudi kutubu. Leo nimekuja kumngoja, nimwambie nimemsamehe."

Nikamwambia fundi akoroge saruji, amjengee Queen.

Ndugu zangu, kibarua kingine utapata. Ukinyimwa ruhusa ya kumzika mzazi, ondoka hivyo hivyo, ukashike udongo kwa mkono wako. Mimi mama yangu simpati tena.