Sale la Valerian

Hakuna kilichomuuma Zita kama ule uongo. Shemeji yake Valerian alimtwanga ngumi ya jicho alipomkataza kukata migomba ya kihamba, shamba la nyumbani aliloachiwa na marehemu mume wake. Lakini walipofika hospitali kule Moshi mjini, mama mkwe akawahi kumjibu daktari: "Amepigwa teke na ng'ombe akikamua." Ng'ombe! Yule mpole ambaye hata watoto wanamkamua! Zita, uso umevimba na damu inamtoka puani, hakuweza hata kufungua mdomo.

Daktari alimweleza taratibu. Mfupa unaoshikilia jicho kwa chini umevunjika na msuli umenasa kwenye ufa, ndiyo maana jicho haliinuki na kila kitu anakiona mara mbili. Wakampasua, wakaunasua msuli, wakaziba ufa kwa kibati chembamba cha chuma chenye matundu, wakakikaza kwa skrubu ndogo mno. Kibati hicho atazikwa nacho.

"Na huyo ng'ombe mfunge miguu ukimkamua," daktari akamwasa siku ya kutoka. Zita alitamani kupiga kelele, lakini mama mkwe alikuwa amesimama pembeni.

Hata nyuzi hazijatolewa, Valerian akaja na Mzee Ndelilio wa ukoo, na mbuzi, na pombe ya mbege, na jani la sale la kuombea msamaha mkononi. Jamani, watu wana sura ngumu! Uchaggani ukiletewa sale huna pa kukimbilia, kulikataa ni kujitafutia laana. Na hilo ndilo walilolitegemea: alipokee, wanywe mbege, yaishe.

"Shikamoo, mzee," Zita akasema, huku moyo unamchemka. Akalipokea jani. "Shemeji, nimekusamehe."

Mama mkwe akapiga vigelegele. Valerian akakenua meno, akanyoosha mkono kuchukua kata ya mbege.

"Iache hapo," Zita akamwambia. "Tangulia, twende polisi ukaseme ulichonifanyia. Tukitoka huko, ukamwambie na daktari."

"We mwanamke!" mama mkwe akaja juu. "Si umeshapokea sale?"

"Nimepokea, mama. Na kusamehe nimesamehe." Jani hakuliachia. Alijifunga kanga, akamkazia Valerian macho yote mawili. "Ila ng'ombe wangu hajawahi kumpiga mtu."