Siku Mama Alipotolewa kwa Roshani

Mama aliishi miaka mingi ghorofani katika jengo la zamani la mawe, kwenye mtaa wa maduka mjini Nyeri. Majengo ya upande ule yanafanana: chini ni duka na baraza yenye nguzo, juu ni vyumba alimolala mwenye duka na familia yake, na mbele kuna roshani ya mbao inayotazama barabara. Wahindi walioyajenga walihama kabla sijazaliwa. Chini yetu alikuwa fundi wa mbao. Mama alishona sare za shule hapo juu, hata baada ya baba kufariki.

Asubuhi moja nilikuwa nimetoka kwangu Naro Moru kumletea viazi, akateleza jikoni. Nyonga ikavunjika. Wahudumu wawili wa ambulensi walikuja, wakamlaza kwenye machela na kusema asikunjwe hata kidogo. Lakini ngazi yetu ilijipinda mara mbili, na kila kona ilimtosha mtu mmoja na kikapu chake. Machela ikakwama.

"Tumsimamishe kidogo," mmoja akasema.

Walipoinua, mama alitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Niliwaambia wamrudishe juu.

Fundi alipanda na futi yake, akaipima ile kona, akaipima na machela.

"Hapa hatapita," akaniambia. "Atoke mbele, kwa roshani. Hiyo reli naweza kuikata."

Nilimpigia mwenye nyumba. Akasema, "Kata. Mbao ni mbao tu."

Mimi ni mtoto wa pili wa kiume, na kwa desturi yetu nina jina la babake mama, kwa hiyo aliniita Baba maisha yangu yote. Msumeno ulipoanza alinishika mkono.

"Baba, nitatoka mbele ya watu hivi? Nifunge kitambaa."

Sikuwa nimewahi kugusa kichwa cha mama. Nywele zilikuwa nyepesi kama za mtoto. Nilifunga vibaya, akaniacha.

Lori la viazi nililokuja nalo lilirudi kinyumenyume hadi chini ya roshani. Wanawake waliouza nguo barazani waliondoa bidhaa zao bila kuombwa. Tulipomtoa nje amefungwa kamba, wanaume mtaani walivua kofia. Mama akawaona.

"Waambie wavae," alisema. "Mimi bado niko."

Tulimshusha polepole kwa kamba. Wanaume wanne walisubiri ndani ya lori, mikono juu. Katikati fundi aliomba tusimame abadilishe mshiko, na mama akabaki hapo akiutazama ukuta wa nyumba yake. Juu ya mlango wa roshani palikuwa na ua lililochongwa kwenye jiwe, petali zake zimejaa vumbi.

"Hilo ua limekuwa hapo siku zote?" akauliza.

Mimi pia sikuwa nimeliona.

Alifanyiwa upasuaji, lakini hakutembea tena vizuri. Nilimpeleka Naro Moru, kwenye nyumba yangu isiyo na ngazi hata moja. Aliishi nasi mwaka na miezi kadhaa. Hakulalamika, ila alizoea kusema kwamba usingizi unamkataa mahali pasipo na mtu chini yake. Alifariki wakati wa mvua ndefu, tukamzika kando ya baba.

Baada ya mazishi nilirudi Nyeri kukabidhi ufunguo. Nilishusha cherehani, sufuria, picha za ukutani. Likabaki kabati la nguo la baba. Nililisukuma hadi mlangoni, halikupita. Nikalipima kwa roshani, pia halikupita. Ndipo nikaelewa kwamba baba alileta mbao zake vipandevipande, akaliunda humo humo chumbani.

Mpangaji mpya, msichana wa kusuka nywele, alikuwa amesimama kando na mizigo yake.

"Unaliuza?" akaniuliza.

"Hapana," nikamwambia. "Ni la nyumba."

Nikalirudisha ukutani, na yeye akanisaidia kulinyoosha.