Waridi la Kifuniko Chekundu

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu na duka la Kasim pale Msasani, hapa Tukuyu, vimetenganishwa na ukuta wa mbao, na mbao haizuii harufu. Miaka kumi na mmoja nimeshona sketi za shule na sare za kwaya nikiwa ndani ya manukato ya Kasim, na kila nguo iliyotoka kwangu imetoka inanukia, mteja apende asipende. Mwanzoni niligombana naye kwa hilo. Sasa ameacha kuuza waridi, na wateja wake wakimkuta kanyamaza wanakuja kuniuliza mimi kuna nini. Nitaeleza mara hii moja, halafu niachwe nishone.

Kasim ni mtu mfupi, safi, wa miaka hamsini na nane, ambaye hajawahi kupaza sauti mbele yangu. Biashara yake ni manukato ya kupima: anavuta kwa bomba la sindano kutoka chupa kubwa na kujaza vichupa vidogo, tone kwa tone, midomo ameibana kama mtu anayetunga uzi. Lakini kilichompa jina ni kitu kilichokuja kimefungwa kwenye boksi kutoka Kariakoo, maandishi yote ya Kiarabu. Hapa tulikiita waridi la kiume. Jina hilo alilitunga yeye, maana wanaume wa Rungwe hawakutaka kunukia ua. Alipowaambia hili ni lao peke yao, wake zao wasiliguse, walipanga foleni. Jumapili kanisani kwetu Moravian ungeweza kufumba macho ukajua waimbaji wa besi wamekaa upande gani.

Toleo la kwanza lilikuwa na kifuniko chekundu. Mimi si mjuzi, ila pua ninayo. Lilianza kwa ukali, kama pilipili manga, unataka kupiga chafya. Halafu ukali unashuka na waridi linatokea, si la bustanini, bali kama limekaa siku nyingi kwenye chumba kinachofukizwa udi. Likishika kwenye kitambaa lilidumu mpaka kesho kutwa. Baada ya miaka kadhaa likaja boksi lilelile, chupa ileile, kifuniko cheusi. Waridi lilikuwepo, udi ulikuwa umepungua, na mwishoni kulibaki kitu kama sabuni. Mwalimu Abrahamu, mstaafu, alirudisha chupa yake akamwambia Kasim amechanganya maji. Kasim alikula kiapo kwamba ni kiwanda kilichobadili mkono. Mwaka juzi kikaja kifuniko cha dhahabu, na hicho kilikuwa kitamu mno, waridi lililokorogewa sukari, harufu imekwisha kabla ya saa sita mchana. Vijana walilipenda. Wazee wakaacha kununua.

Kwa watu wengine habari ingeishia hapo. Kwa Kasim haikuishia hapo kwa sababu ya koti.

Kasim na mkewe Hajira walijaliwa mtoto mmoja, Yussuph. Kijana mrefu, mcheshi, asiyeweza kupita dirishani kwangu bila kuinamisha kichwa na kusema "Ugonile, mama Tulia," salamu yetu ya Kinyakyusa, kisha aniulize pindo ninalokunja limelewa pombe gani. Kila asubuhi alipulizia waridi la kifuniko chekundu mara mbili, si mwilini bali kwenye kola ya koti, kwani kwa mvua na baridi ya kwetu koti halivuliwi. Akiwa na miaka ishirini na mitatu aliondoka kwenda Afrika Kusini kutafuta maisha. Koti alimwachia mama yake, akasema atalivaa akirudi. Alipiga simu akiwa Tunduma, akapiga tena akiwa Lusaka. Baada ya hapo namba haikupatikana. Hawajui kama alifika, kama amefungwa, au kama amezikwa mahali. Ni miaka sita sasa.

Hajira alilitundika lile koti chumbani kwa mwanawe. Kila Ijumaa, kabla ya swala ya mchana, aliingia, akafunga mlango, akaweka uso kwenye kola. Akitoka roho imetulia. Aliniambia hivyo mwenyewe. Alikuwa na imani yake moja ambayo hakuna shehe aliyemfundisha: kwamba harufu ya mtu haiondoki kwenye nguo yake maadamu yu hai. Alikuwa amenusa nguo za mama yake, na za dada yake aliyefia Masukulu, na zote zilikata harufu wiki chache baada ya maziko. Koti la Yussuph lilikuwa bado linanukia. Basi Yussuph yuko.

Ukiishi Tukuyu unajua kwamba koti likining'inia bila kuvaliwa linashika ukungu ndani ya mwezi mmoja. Lile miaka ilipita bado linanukia waridi, na mimi, mtu wa nguo, sikujiuliza kwa nini.

Ilikuwa hivi. Miezi mitatu baada ya mtoto kuondoka, katika mwezi wa Ramadhani, Kasim aliingia chumbani peke yake akalinusa koti. Alikuta harufu ya unyevu na ukungu, basi. Ilikuwa Alhamisi, Hajira amekwenda Kisiba kwa ndugu zake kama desturi yake ya kila wiki, na kesho yake angeingia chumbani. Kasim alishikwa na hofu. Alikimbia dukani, akachukua kifuniko chekundu, akapulizia kola mara mbili kama alivyokuwa akifanya Yussuph. Alidhani ni mara hiyo tu. Alhamisi iliyofuata ikabidi tena, na iliyofuata, na zote zilizofuata. Mtu atauliza, mke wa muuza manukato hakushuku? Hajira hakuwahi kukaa dukani. Marashi yanampa kipandauso, aliyovumilia ni hayo ya mwanawe tu. Halafu mtu anayetaka jambo liwe kweli hakagui sana.

Kifuniko chekundu kilipokwisha hapa, Kasim alikitafuta Mbeya, akaagiza mpaka Dar es Salaam, akakosa. Alhamisi moja akapulizia cheusi. Ijumaa Hajira alikuja kibandani kwangu macho mekundu, akasema Yussuph anaumwa.

"Yupo, lakini amekonda," aliniambia. "Kuna mahali amelazwa. Nasikia sabuni ya hospitali."

Nilimpa kiti na chai. Nilimwonea huruma, na kusema kweli nilimwona anaanza kuchanganyikiwa. Upande wa pili wa mbao Kasim alikuwa amesikia kila neno. Mkewe alipoondoka alikuja kofia mkononi, akanieleza yote niliyowaeleza hapa. Nilimkasirikia sana. Nilimtaka aende akamwambie mkewe siku hiyohiyo. Alijibu kwamba akifungua kinywa tu, mtoto atakuwa amekufa kabla hajafika mwisho wa maneno yake. Kisha akaniomba vipande vya kitambaa.

Hapo ndipo nilipoingia mimi. Vile vipande vinavyobaki nikikata nguo, Kasim alivilowesha kila kimoja kwa mchanganyiko wake: cheusi na tone la mafuta ya udi, cheusi na udi na karafuu, cheusi na pilipili manga iliyolowekwa. Alisema pua yangu ndiyo kumbukumbu pekee iliyobaki, kwa kuwa nilikuwa nimelivuta waridi lile kutwa kucha kwa miaka. Kwa wiki tatu nilikataa kipande baada ya kipande. Siku moja kikaja kimoja kilichonifanya nigeuke ghafla kutazama dirishani, mdomo umeshafunguka kuitikia salamu. Hapakuwa na mtu. Ilikuwa mvua tu na barabara. Mpaka leo mvua ikinyesha upande ule sipendi kuinua macho. Nikamwambia Kasim ndicho hiki.

Ijumaa ile Hajira alitoka chumbani anacheka. Alisema mtoto amepona. Alituletea ndizi na maziwa mgando ya kushukuru, akatukalisha mimi na mumewe tule pamoja, naye akitutazama. Nilikula. Nikamaliza, nikasema ndaga, yaani asante.

Kifuniko cha dhahabu ndicho kilichotushinda. Sukari ile haifichiki. Ukiongeza udi inakuwa kama kitu kinachoungulia jikoni. Chupa ya mwisho ya cheusi ilipokauka, Kasim aliniletea vipande siku nne mfululizo. Ilikuwa Januari, shule zinafunguliwa, nina mashati arobaini hayajaunganishwa mikono na wazazi wamesimama mlangoni wananipigia kelele. Siku ya nne ilikuwa Alhamisi. Alinyoosha kipande dirishani akaniuliza, kwa upole wake uleule, kama kimekaribia. Nilikinusa mara moja, mguu bado uko kwenye pedali, nikasema kinafanana.

Hakikufanana. Nilijua nikiwa nasema. Nilitaka aondoke, niendelee na kazi.

Kesho yake Hajira hakulia. Alikuja ametulia kuliko nilivyowahi kumwona, akasema koti lina harufu ya mtu asiyemjua. Mwanawe ameondoka duniani. Alikuwa ameshapita kwa shehe. Shehe alisita, akasema hakuna habari ya kifo iliyofika, lakini Hajira alimng'ang'ania mpaka akakubali kwamba dua haimdhuru mtu. Hitima, kisomo cha marehemu, ingesomwa Ijumaa inayofuata baada ya swala, na alikuja kuniomba nikamsaidie kupika.

Wiki ile Kasim hakuuza kitu. Nilimsikia nyuma ya mbao akifungua vichupa na kuvifunga, akifungua na kuvifunga, na harufu zikaja kwangu zote kwa pamoja mpaka kichwa kikaniuma. Dawa ya jambo lile ilikuwa neno moja tu, na mimi nilikuwa na miguu ya kunifikisha kwa Hajira. Sikwenda. Nilijiambia ni mambo ya nyumba ya watu. Nilikuwa naogopa asije akaniuliza ndizi zake nilizila vipi.

Ijumaa nilikuwa jikoni kwao nikikata vitunguu vya pilau, ukungu umeshuka mpaka kizingitini. Hajira alikaa kwenye kigoda, koti limekunjwa mapajani, kwa sababu alitaka kulitoa sadaka watu wakishakula. Kasim aliingia amevaa kanzu. Akakaa chini, sakafuni, mbele ya mkewe. Sijawahi kumwona mwanamume wa umri wake akikaa hivyo.

"Mama Yussuph," alisema, "usimsomee mtoto hitima. Si yeye aliyebadilika. Ni manukato. Nilikuwa napulizia mimi."

Akamweleza yote, vifuniko vitatu, udi, karafuu, Alhamisi za Kisiba, mpaka vipande vyangu, na alipotaja jina langu Hajira hakugeuka kunitazama. Nasema nilichokisikia: sauti ya Kasim ilikuwa na furaha. Ilikuwa furaha ya mtu anayerudisha kitu cha wenyewe. Koti halikuwa limesema lolote, si ugonjwa, si kupona, si kifo, kwa hiyo Yussuph anaweza kuwa hai leo kama siku aliyoondoka. Ndivyo alivyofikiri. Na mimi na kisu changu mkononi nilifikiri hivyohivyo, nikashusha pumzi kwa mara ya kwanza wiki nzima.

Hajira alisikiliza mpaka mwisho. Alipitisha kidole kwenye kola, taratibu, kutoka upande mmoja mpaka wa pili.

"Ulianza lini?" aliuliza.

"Ramadhani ile ya kwanza."

"Ulilikutaje?"

Nadhani Kasim alikuwa ameshaanza kuona anakopelekwa, lakini alikuwa amechoka kusema uongo.

"Lilikuwa limekata," alisema. "Halikuwa na kitu."

Hajira alifumba macho. Alipoyafumbua alimtazama mumewe bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililonitisha.

"Basi alikufa Ramadhani ile," alisema. "Miaka sita mwanangu amelala huko hana dua hata moja, Baba Yussuph. Mimi namwombea arudi, na wewe unampulizia manukato."

Barazani shehe na wenzake walikuwa wameshavua viatu, wanauliza kama waanze.